Siku Bibi Alipobebwa Kushuka Ng'wigulu

Enzi zetu Jumapili haikuishia kanisani. Ibada ikimalizika tu, nusu ya kijiji iligeuza njia kuelekea Ng'wigulu, kilima kidogo kando ya ziwa, huko kwetu Geita. Jina hilo kwa Kisukuma ni "mbinguni", ingawa sisi watoto tulifika kileleni kabla kipande cha muhogo hakijaisha mdomoni. Lakini ukisimama juu ya yale majabali, ziwa lote lilikuwa lako: visiwa, mitumbwi, na upepo wenye harufu ya samaki wanaokaushwa. Tuliteleza kwenye mawe kwa makalio hadi magauni yakatoboka. Mama alishona viraka akigomba, "Safari ijayo nitakishonea hicho kilima chenyewe!"

Wachimbaji wa dhahabu nao walipanda siku ya mapumziko, nywele zimepakwa mafuta, viatu vinang'aa. Mmoja wao, Ambakisye, kijana wa Rungwe, alimpenda shangazi yangu Kabula. Babu hakutaka hata kusikia. "Ng'ombe hana, ukoo wake siujui, na mgodi ukimchosha ataniondokea na mtoto."

Basi bibi akapewa kazi ya ulinzi. Kila Jumapili shangazi alitangulia, Ambakisye akafuata kwa mbali, na bibi akatembea katikati yao kama ukuta. Mimi nilibeba kibuyu chake cha maji.

Jumapili moja mvua ya ziwani ikatuvamia tukiwa juu. Watu wakatimua mbio. Bibi akateleza, mguu ukateguka, akashindwa kusimama. Radi zilipiga, shangazi akaanza kulia. Ambakisye alikuja, akasimama kando, macho chini. Kwetu mkwe hamgusi mama mkwe; hata njiani hupishana kwa mbali.

"Mama, nikubebe?"

"Wewe ni mkwe wangu?" bibi akauliza.

"Bado, mama."

"Basi nibebe upesi, kabla hujawa. Baadaye itakuwa mwiko."

Shangazi alifuta machozi palepale.

Tulifika nyumbani tumelowa chapachapa. Babu alikuwa mlangoni, ameduwaa. Bibi, bado yuko mgongoni, akamwambia, "Ng'ombe atawatafuta. Mgongo anao."

Babu alijaribu kukunja uso, akashindwa, akacheka hadi akakaa chini.

Walioana baada ya mavuno ya pamba. Tangu siku hiyo bibi na Ambakisye hawakutazamana tena. Akimwona bibi njiani, mume huyo mrefu wa shangazi alijitosa kwenye mahindi. Bibi alinituma, "Mwambie chakula tayari," na mkwe mwenyewe yuko nyuma ya ukuta, anasikia kila neno. Lakini kipande kikubwa cha nyama kilikuwa cha Ambakisye daima.

Siku hizi bodaboda zinapanda hadi kileleni. Wajukuu zangu wanafika bila jasho, wanaligeuzia ziwa mgongo, wanajipiga picha. Juzi mkwe wetu mmoja alimkumbatia mama mkwe wake hadharani na kumwita "mrembo wangu". Nilifunika uso kwa khanga, nikacheka, kisha nikaona wivu kidogo. Wao wana picha hadi simu zinajaa. Bibi hakupigwa hata moja. Sura yake tunayo mimi na shangazi tu, na shangazi ameanza kusahau.