Siku Baba Aliponyamaza Ukumbini

Enzi zetu pale Mwanza, kabla ya Uhuru, filamu haikutazamwa kimya. Jumamosi mchana tulijazana ukumbini, madirisha yamezibwa kwa mablanketi, harufu ya karanga za kukaanga imetanda, kila mtu akimshauri shujaa wa Kizungu apite njia ipi. Kiingereza hatukukijua, kwa hiyo alikuwepo mfasiri mwenye kipaza sauti. Mfasiri huyo alikuwa baba yangu. Nusu ya maneno aliyatunga mwenyewe, akichomeka na Kisukuma, na watu walimfuata yeye kuliko picha. Nilivyokuwa nikiringa shuleni, acha tu.

Siku moja mwalimu mmoja kutoka Bukoba akaleta filamu aliyoipiga mwenyewe kwa kamera ndogo. Haikuwa na sauti, farasi wala bastola. Mama mmoja aliyefiwa na mumewe anafagia uwanja, anamenya ndizi, anapika. Basi. Baba akaanza mizaha yake, tukacheka. Kisha yule mama akaweka sahani mbili mkekani, akazitazama, akairudisha moja ndani.

Baba akanyamaza.

"Sema, Mzee," watu wakadai. "Au maneno yamekuishia?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Vijana waliokitamani kile kipaza sauti walikuwepo, na mfasiri aliyezomewa haitwi tena. Nikamwomba Mungu ili baba aseme lolote. Yeye akakizima kipaza sauti, akakiweka mezani.

Kelele zilipungua polepole. Yule mama alikuwa anakula peke yake, bila haraka. Ndipo bibi mmoja Mkerewe, aliyekaa mbele, akasema kama mtu anayeingia msibani, "Pole, mama." Nyuma mwingine akasema, "Pole sana." Ukumbi mzima ukampa pole mtu aliyekuwa kwenye kitambaa cheupe. Nililia bila kujificha.

Nyumbani nilimuuliza baba kwa nini hakusema. "Mfiwa hasemewi, binti yangu," akajibu, akaomba chai. Jumamosi iliyofuata walimwita kama kawaida.

Wajukuu wangu wanabeba filamu mfukoni. Picha ikitulia kidogo, wanadhani simu imekwama, wanaipeleka mbele. Niliwasimulia habari za yule mama, wakauliza mwisho wake ulikuwaje. Alimaliza kula, nikawaambia, akaosha sahani yake. Wakacheka sana. Siwalaumu. Kila mmoja anatazama peke yake chumbani, hana jirani wa kuanza kusema pole.