Mbwa wa Masalu na Matuta ya Justina

Justina wa Mollo ni mjane, na mgongo wake umezeeka kumpita mwenyewe. Mwaka jana mahindi yake yakiwa yanakomaa, nguruwe pori wakaingia. Si nguruwe hawa mnaowajua. Mmoja akikohoa, bati la kanisa linatikisika. Atakayebisha alikuwa hayupo. Justina aligonga debe usiku kucha mpaka mikono ikafa ganzi, na asubuhi akakuta mahindi mengine yamelala chini. Shamba likiisha, hana cha kula mpaka mavuno mengine.

Ng'ambo ya kijito anakaa Masalu, Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake. Ana vijana, na mbwa wakali kuliko mama mkwe. Ila walikuwa hawasalimiani. Kwenye masika Justina alikuwa amelima intumba, yale matuta ya duara tunayofukia nyasi zioze, mwakani tupande ulezi. Akalima, akalima, mpaka akaziba njia ya ng'ombe wa Masalu kwenda majini. Mfipa akishika jembe hajui pa kuachia.

Akajikaza, akabeba kibuyu cha pombe, akavuka.

"Umekuja kuniwekea sumu, Mfipa?" Masalu akauliza bila kuinuka.

"Sumu ya kutosha mwili huo nitaitoa wapi? Nguruwe wananimaliza, Baba Malimi. Wakitoka kwangu wanakuja kwako."

"Najua. Juzi walichungulia."

"Basi nipe mbwa na vijana."

"Nipe njia yangu."

Justina akatazama viganja vyake. "Nyasi hazijaoza bado. Ule ndio ulezi wangu."

"Na wale ndio ng'ombe wangu. Wana kiu."

Wakanywa mpaka kibuyu kikaisha. Justina akasema, "Haya."

Mbwa walikuja jioni ileile. Nguruwe walikimbia hadi Namanyere. Nasikia walionekana sokoni wakiulizia basi la Mpanda. Mahindi yakapona.

Kulipokucha Justina akachukua jembe, akabomoa alichokijenga mwenyewe, tuta baada ya tuta. Nyasi zikamwagika, ng'ombe wakapita wakizitafuna.

"Wanakushukuru, mama," Masalu akasema.

"Waambie wasizoee."

Akaketi ukingoni mwa shamba, usingizi ukamchukua palepale. Alilala sana, hata kuku akaja kutaga kwenye kanga yake. Alipoamka akaliweka yai pembeni, akajikokota kwenda kuvuna.