Mbwa wa Anaeli na Kuku wa Zakaria

Nilipokuwa mtoto wa kutumwa chumvi nikarudi na kiberiti, nililelewa na Bibi yangu, mama mzaa baba, katika kijiji kimoja cha chini kidogo ya Usa River. Wazazi wangu walikuwa wakihangaika na biashara mjini Arusha, nami nilihangaika na mbuzi wa Bibi. Bibi alikuwa Mlutheri wa kweli, asiyekosa ibada hata inyeshe mvua ya mawe, lakini alikuwa na imani nyingine ambayo hakupewa na mchungaji. Aliamini kwamba mtu akiuawa, wanyama aliowafuga wanamjua muuaji.

"Wafungulieni wote, mchana kweupe," alikuwa akituambia huku akipukuchua mahindi. "Watamwendea aliyefanya. Wanamdai bwana wao."

Akishasema hivyo hutusimulia habari za ng'ombe wa enzi za babu yake, aliyekwenda kusimama mlangoni kwa muuaji na kukataa kuondoka, hata yule mtu akatoka mwenyewe akaungama. Tuliipenda sana hadithi hiyo. Mimi nilimchukulia yule ng'ombe kuwa askari kanzu, tena mwenye akili kuliko wengi, na asiyekula rushwa. Mtoto akiambiwa kwamba wanyama ni wapelelezi hufurahi, kwa kuwa hajaona bado upelelezi wenyewe unavyofanywa.

Jirani yetu Anaeli alikuwa mtoto wa shemeji yake Bibi, kwa hiyo alimwita Bibi "mama". Alikuwa mtu wa mizaha, mwembamba, mwenye kofia ya sufu jua lote. Mkewe alitoka Mbulu, nasi sote tulimwita Mama Neema, maana Neema alikuwa binti yao wa kwanza na rafiki yangu wa kukaa naye dawati moja. Wanawake wa pale kisimani walimwita "yule Mmbulu", ingawa alikuwa ameishi nao miaka na Kimeru chake kilikuwa safi kuliko changu. Walikuwa na ng'ombe mmoja, beberu mmoja mkorofi, na mbwa wa rangi ya udongo aliyeitwa Popi.

Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa. Kahawa ilikosa bei, watu wakaing'oa wakapanda nyanya. Dawa za wadudu, ambazo zamani zilikaa kwenye stoo ya ushirika chini ya kufuli, sasa ziliuzwa mnadani zikiwa zimetiwa kwenye chupa za soda, bila hata karatasi ya kukuonya. Na wageni wenye magari marefu walipita wakiulizia ardhi ya kulima maua. Shamba la Anaeli lilikuwa kando ya barabara, na mfereji wa maji ulipita katikati yake. Kaka yake, Zakaria, alikuwa amekwisha kuuza la kwake akajenga nyumba ya bati jekundu, akataka wauze na hilo. Anaeli akakataa.

"Watoto wangu watakula maua?" alimjibu mbele ya watu, na watu wakacheka. Zakaria naye alicheka, nakumbuka, kwa sauti kubwa kuliko wote.

Baadaye Zakaria akamwita mdogo wake wapatane. Walikunywa pombe ya ndizi wawili tu, kila mmoja na jagi lake, alasiri, nyuma ya ile nyumba ya bati jekundu. Jua lilikuwa bado juu Anaeli aliporudi kwake akiwa ameshika tumbo, mate yanamchuruzika, mwili unamtetemeka. Alimwambia mkewe neno moja tu, kwamba pombe ya kaka leo ilikuwa chungu. Akafa wakati Neema na mimi tuko njiani tukikimbia kumtafuta mtu mwenye gari.

Mtu yeyote mwenye kichwa angeanza na Zakaria. Lakini kwa kifo kile Zakaria alikuwa amebaki mwanamume pekee wa kuamua mambo ya ukoo, na msibani alilia hadi akashikiliwa. Alikataa katakata maiti kupasuliwa, akasema moyo wa mdogo wake ulikuwa mbovu tangu utotoni. Kisha, Anaeli alipokwisha kuzikwa, neno likageuka. Haukuwa moyo tena. Kwani aliyekuwa akimpikia Anaeli asubuhi na mchana ni nani? Na huko kwa Wambulu, Zakaria aliwauliza waombolezaji kwa upole, kuna dawa gani za mizizi ambazo sisi hatuzijui?

Neema aliniambia tukichota maji: "Wakisema ni mama, tutafukuzwa. Nyumba, shamba, kila kitu." Alisema bila kulia, kama mtu anayekueleza njia. Nikamwambia asiogope, kwa kuwa wanyama watasema kweli. Niliamini hivyo kwa moyo wangu wote.

Siku ya kumaliza matanga uwanja ulijaa. Wali ulikuwa umeshaliwa. Zakaria akasimama, akamgeukia Bibi.

"Mama, wewe ndiye mjuzi wa mambo haya. Marehemu ameacha mifugo. Tuifungulie, ituambie?"

Nilijivuna kwamba mkubwa wa ukoo anamwuliza Bibi yangu mbele ya watu wote. Bibi akasema, "Ifungulieni." Mwinjilisti aliyekuja kuongoza sala, alipoona mambo yanakoelekea, aliingia ndani kunywa chai, na chai ile aliinywa taratibu kweli.

Wakaamriwa wote wa ukoo kukaa duara na kunyoosha mikono. Mama Neema alikaa upande wa wanawake, kichwa kimenyolewa, amevaa kitenge cheusi cha kuazima. Zakaria alikaa mbali, karibu na zizi. Ng'ombe akatolewa kwanza, akaenda moja kwa moja kwenye migomba akaanza kula. Beberu akafuata, akamrukia shangazi mmoja aliyekuwa na ganda la ndizi mapajani, watu wakaangua kicheko, naye shangazi akaapa kwa Mungu kwamba hajaua mtu. Hakuna aliyesema shangazi achunguzwe. Ilikuwa mzaha tu, wakamfukuza beberu kwa mawe.

Ndipo wakamfungua Popi. Alizunguka mara moja akinusa, masikio yamelala. Kisha akamwona Mama Neema. Akaenda mbio, akamlamba viganja, kimoja halafu kingine, akajilaza miguuni pake akaanza kulia kile kilio chembamba cha mbwa.

Hakuna aliyecheka safari hii. Zakaria alisema, tena kwa huzuni kabisa, "Mmeona wenyewe. Anamdai bwana wake."

"Anamfuata mama kwa sababu mama ndiye anayempa ukoko!" Neema alipiga kelele. Alikuwa amesimama karibu na mimi na Bibi, amevaa sare za shule ingawa shule ilikuwa imefungwa, kwa kuwa hiyo ndiyo nguo nzima aliyokuwa nayo. "Kila siku anampa ukoko wa ugali! Muulizeni mtu yeyote! Baba hakuwahi kumlisha!"

Mwanamke mmoja alimziba mdomo kwa kiganja. Nilimtazama Bibi, nikingoja aseme. Bibi alikuwa akijifunga upya kanga yake kiunoni, akaifunga, akaifungua, akaifunga tena.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Dada zake Zakaria waliingia ndani ya nyumba ya Anaeli wakatoa vitu nje, masufuria, godoro, debe la mbegu za maharage. Mama Neema alipolishika lile debe, walimpiga mikono kwa mwiko mpaka akaliachia. Yule shangazi wa ganda la ndizi, aliyeapa kwa Mungu muda mfupi kabla, ndiye aliyemtemea mate usoni. Watoto tuliosoma nao waliokota mabonge ya udongo wakawarushia hadi barabarani, na Neema, akiwa amembeba mdogo wake mgongoni, hakukimbia, kwa hiyo yalimpata mengi. Popi aliwafuata. Wana wa Zakaria wakamrudisha kwa kamba, wakamfunga kwenye mparachichi, wakamsahau hapo. Alibweka mpaka sauti ikakauka. Nilimpelekea ugali, hakuugusa, akafa. Huyo ndiye shahidi waliyekuwa wamemsifu kwa akili zake.

Mvua za kwanza hazikuwa zimenyesha bado mke wa Zakaria alipoamua kusafisha stoo yake. Mama yule hakujua lolote, na hilo ninalisema kwa haki yake. Alikuta jagi la plastiki limefunikwa na kusukumwa nyuma ya magunia, ndani mna pombe ya ndizi iliyobaki. Akadhani imechacha, akawamwagia kuku na machicha yake. Alikuja kwetu akikimbia, anatuomba maji ya mkaa ya kuwanywesha, maana kuku wote walikuwa wamelala ubavuni wakirusha miguu, mate yanawatoka mdomoni. Jogoo wa Bibi, aliyekuwa na tabia ya kwenda kudoea huko, alikufa pamoja nao.

Bibi alimwinua jogoo wake akamnusa mdomo. Akanusa jagi. Mimi pia nilinusa. Kila aliyelima nyanya alikuwa akiijua harufu ile.

Bibi alitia kuku watatu na jogoo kwenye kikapu, akakitwika, akaniambia nichukue jagi, tukaenda kwa mwenyekiti wa kijiji. Tulimkuta amekaa na wazee kadhaa, na Zakaria yupo, anawaeleza jinsi wageni watakavyoweka uzio. Bibi akamimina kuku chini mbele yao.

"Hawa wamekunywa pombe aliyokunywa Anaeli," alisema. "Imetoka stoo kwa Zakaria. Nuseni."

Hakuna aliyeinama kunusa. Mwenyekiti alimsogeza jogoo kwa ncha ya kiatu.

"Kideri hicho, Bibi. Mwaka huu kipo kila mahali."

"Kideri hakinuki dawa ya nyanya."

"Bibi yangu, kuku na mambo ya binadamu wapi na wapi? Tutahukumu watu kwa kuku?"

"Mlihukumu kwa mbwa," Bibi alisema.

Mzee mmoja alikohoa. Zakaria alisimama, akamshika Bibi mkono kwa adabu zote. "Mama umechoka. Nitakuletea jogoo mwingine." Na kweli alimleta, mkubwa, mwekundu, amefungwa miguu kwa kamba ya katani. Bibi alimfungua akamfukuza kwa fimbo. Nyumba ya Anaeli ikabomolewa, na mahali pake pakawekwa nailoni nyeupe ndefu, ndani yake waridi.

Bibi aliuliza huku na huku hata akajua Mama Neema amepanga chumba Daraja Mbili, kule mjini Arusha, anafua nguo za watu. Akanichukua tukaenda. Mama Neema alitupokea vizuri mno. Alimwamkia Bibi shikamoo, akampa kigoda pekee kilichokuwepo, akachemsha chai ya rangi. Mikono yake ilikuwa imechubuka kwa sabuni. Neema hakuwepo. Alikuwa amepelekwa kwa watu kulea mtoto, na yeye mwenyewe alikuwa mtoto wa darasa la nne kama mimi.

Bibi alimweleza yote, kuku, jagi, mwenyekiti. Alieleza kwa kirefu, kama mtu aliyebeba zawadi. Mama Neema alisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi nilijua ni nani tangu jioni ile ile, mama," alisema. "Wala sikuhitaji kuku." Kisha akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Siku ile Neema aliposema kuhusu ukoko, hukumsikia?"

Bibi alishika kikombe chake kwa mikono miwili.

"Nilimsikia."

Mama Neema akaitikia kwa kichwa. Akamwongezea Bibi chai.

Nikisimulia kisa hiki leo, wenzangu wa ofisini husema, ah, ujinga wa zamani huo, imani za vijijini. Hunikasirisha. Uwanjani pale hapakuwa na mjinga hata mmoja. Kila mmoja wao alifuga mbwa, na kila mmoja alijua mbwa humfuata anayemlisha. Mtoto wa darasa la nne aliwaambia kwa sauti ya kusikika. Hawakuamini wanyama siku ile, na hawakuacha kuwaamini siku ya kuku. Walikuwa wameamua, basi, na wanyama waliitwa kuja kukubaliana nao.

Zakaria ninamchukia hadi leo, ingawa alishakufa na kuzikwa kwa kwaya. Bibi siwezi kumchukia. Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa kwamba naye alikuwa mjane, anakaa kwenye ardhi ambayo Zakaria angeweza kumwondoa kwa neno moja, na kwamba kama Popi angeenda kwingine, vidole vingetafuta mwanamke mwingine asiye na mume. Alikuwepo mmoja tu, tena mzee, tena mjuzi wa habari za wanyama na vifo. Alilijua hilo alipokuwa akiifunga na kuifungua kanga yake.

Alifariki kwa uzee, kitandani pake, ndani ya nyumba yake mwenyewe, na hakuna aliyewahi kumrushia hata bonge la udongo. Hicho ndicho alichopata kwa kunyamaza, na aliyekilipia ni Neema.