Sista Pole Arudi Darasani

Wagonjwa walimwita Sista Pole, kwa sababu hakuwahi kumchoma mtu sindano bila kusema kwanza neno hilo. Watundu walidai kuwa sindano yenyewe haiumi, kinachoumiza ni lile "pole", maana ukilisikia ujue sindano inakuja. Nyumbani hakuwa na wa kumwita kwa jina lolote. Mumewe alishafariki, na binti yake wa pekee aliolewa mbali, akawa anapiga simu Jumapili huku anaosha vyombo.

Enzi zake, kuingia chuo cha uuguzi kulitaka umalize darasa la saba, ujue kusoma na kuandika, na umridhishe muuguzi mkuu. Muuguzi mkuu huyo, mama mmoja mwenye sauti kali, alimkagua kucha, akamwamuru atandike kitanda huku mgonjwa amelala juu yake, kisha akamuuliza, "Damu unaiogopa?"

"Naiogopa, mama."

"Vizuri. Asiyeiogopa huwa mzembe."

Jumatatu iliyofuata akaanza masomo.

Miaka ikaenda, mlango ukazidi kuwa mwembamba. Kwanza wakataka kidato cha nne. Baadaye kidato cha nne tu kikawa hakitoshi, ikabidi uwe umefaulu baiolojia na kemia. Usaili ukafutwa, kompyuta ikawa inachagua kwa alama. Sista Pole aliyasikia hayo kama habari za watu wengine, mpaka siku wauguzi walipoitwa ukumbini wakaambiwa vyeti vya zamani havitatambuliwa tena. Walipewa miaka michache: ama wasomee stashahada, ama wahamie kazi za usafi. Na stashahada, bila kemia, hupokelewi.

"Ubongo wangu umeshafunga duka," alisema rafiki yake wa wodi ya wazazi, ambaye walikuwa wakila pamoja mchana tangu wakiwa wasichana. "Na wewe acha kujitesa, dada."

Rafiki huyo akaomba kustaafu mapema, akarudi kwao. Sista Pole akajiandikisha masomo ya jioni ya kidato cha nne. Mara ya kwanza kemia ilimwangusha. Akarudia, akaponea chupuchupu, na chuo kikampokea.

Bwenini alipangiwa chumba na wasichana watatu. Walikuwa watoto wazuri. Walimwachia kitanda cha chini, wakamchotea maji, wakamwamkia asubuhi na jioni. Lakini akiingia tu, vicheko vinakatika kama redio iliyozimwa, na akitoka vinawaka upya kabla hajafika mwisho wa korido. Kuna siku alikaa kwenye ngazi muda mrefu, awaachie nafasi ya kucheka.

Mkufunzi wa dawa alikuwa kijana aliyewahi kufanya mazoezi wodini kwake. Siku ya kwanza alipomwona darasani alibabaika, na baada ya kipindi akamfuata mlangoni.

"Shikamoo, sista. Nisamehe, hata sijui nikuiteje mbele ya wenzako."

"Marahaba. Niite mwanafunzi, mwanangu."

"Hapo umenishinda."

Basi hakumwita kabisa. Hata Sista Pole alipoinua mkono, macho ya kijana yaliruka dawati lake yakaenda kwa mwingine.

Siku moja mkufunzi huyo alichanganya dawa mbili kwenye chupa. Zote zilikuwa angavu kama maji, lakini zilipokutana zikawa nyeupe, na chembe ngumu zikatua chini. Sista Pole akasimama bila kujijua. Aliwahi kuuona weupe ule kwenye mpira wa dripu, zamani, akaufunga mpira huo kwa sababu tu weupe haukumpendeza machoni. Daktari alimsifu, lakini hakumweleza kitu. Sasa, mkufunzi alipoeleza, akaelewa kwamba chembe zile zingeweza kuziba mapafu ya mtu, na akaelewa pia kwa nini walikuwa wanadai kemia. Alitamani kumwambia mtu, yeyote.

Akampigia binti yake.

"Mama, niko kazini. Kuna shida?"

"Hakuna. Nimejua tu kwa nini ile dawa iliganda."

"Dawa gani?"

"Ya zamani."

"Haya mama, utanihadithia Jumapili."

Jumapili binti hakuuliza, na yeye hakumkumbusha.

Alihitimu, si wa juu wala wa mwisho. Siku ya mahafali mjukuu aliugua, binti hakuja. Mzazi wa mwenzake mmoja alimshika mkono kwa furaha. "Asante kwa kutufundishia mtoto, mwalimu."

"Nimesoma naye."

Yule mama akacheka sana, akidhani ametaniwa.

Aliporudi hospitali, wodi ilikuwa imejaa wauguzi wapya, na aliowafahamu walikuwa wameondoka wote. Akapewa kazi ya kuwapokea wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Sista Pole alimuuliza mmoja wao, msichana mwembamba, "Nini kilikufanya upende uuguzi?"

Msichana akainua mabega. "Mimi niliomba uhandisi, mama. Kompyuta ndiyo iliyonileta huku."

Sista Pole alicheka mpaka akajipangusa machozi, kicheko ambacho hakikuwa kimemtoka kwa muda mrefu. Kisha akamwonyesha jinsi ya kumgeuza mgonjwa bila kumvuta ngozi, na msichana akajaribu, akakosea, akajaribu tena. Zamu ilipokwisha msichana akakimbilia wenzake waliokuwa wanamwita getini. Sista Pole akabadilisha nguo, akafunga kabati lake, akashika njia ya nyumbani.