Neno la Ukurasa wa Kobe

Watoto ndio waliombatiza Mama Malizia, na jina likamganda mpaka walimu wenzake wakasahau lile la kwenye cheti chake. Alifundisha darasa la awali, wale wa miaka minne na mitano ambao bado wanavaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto, na kazi hiyo aliifanya miaka ishirini na tisa bila kuomba darasa kubwa zaidi. Ukitaka kumuudhi, ungemwambia kwamba ushairi ni mambo ya watu wazima. "Mtoto anaimba hata hajajua kufunga vifungo," angekujibu, "wewe unataka asubiri aote ndevu ndipo umwonjeshe shairi?" Hapo ungeomba radhi, yaishe.

Alikuwa na vitabu vitatu vya picha vyenye maneno ya vina, vimechakaa, vimebandikwa utepe kila kona. Alikaa kwenye kiti cha mtoto, magoti yakikaribia kidevu, akasoma huku akiwaonyesha picha, na neno moja kabla ya mwisho akanyamaza ghafla.

"Panya kaona kabati, kalala ndani ya…"

"Soksi!" mmoja akaropoka.

"Haya, akili imekubali. Sikio je, limekubali?"

Sikio lilikuwa limekataa. Watoto wakafumba macho, wakajirudia kabati, kabati, mpaka mmoja akaruka juu: "Shati!" Darasa zima likashangilia. Hakuna aliyewaambia kwamba kitu hicho kinaitwa kina, wala mwalimu hakuona haja ya kuwaambia.

Wakishakijua kitabu, kila mtoto alipewa ukurasa wake na neno lake la mwisho, na mwingine hakuruhusiwa kulisema. Watoto hao hao waliokuwa wakivunjana shingo kwa ajili ya kalamu ya rangi, ukifika ukurasa wa mwenzao walijiziba midomo kwa viganja. Tabia ilimfuata mwalimu hadi nyumbani. "Funguo zako nimeziweka juu ya…" alimwambia mumewe, kisha akamkodolea macho. "Meza," akajibu mume, fundi redio mwenye mvi zake, halafu akanuna kutwa nzima kwa kugeuzwa mtoto wa chekechea.

Mwaka huo alimpokea msichana mwenye alama nyeusi shavuni, wakamwita Kidoti. Mtoto alikuwa na mdomo mzito ajabu. Miezi miwili ya kwanza hakutamka lolote darasani, hata akibanwa haja alisimama tu mbele ya mwalimu akimtazama. Mama yake alifanya kazi kwenye kiwanda cha kufulia, akipiga pasi mashuka ya hoteli akiwa amesimama tangu asubuhi hadi jioni, na kila alipokuja kumchukua mwanawe alikuwa hoi bin taaban. "Nyumbani anaongea, mwalimu," alisema kwa aibu. "Kidogo, lakini anaongea."

Kidoti alipewa ukurasa wa kobe. Mwalimu alisoma: "Kobe hahitaji nyumba, mgongoni ana…" na akangoja. Siku ya kwanza kimya. Wiki nzima kimya. Wenzake walijiziba midomo mpaka macho yakawatoka, na mwalimu alingoja, akahesabu hadi ishirini moyoni, akafungua ukurasa unaofuata bila kulaumu. Wiki ya tatu, siku ya kawaida kabisa ambayo mvua ilikuwa ikigonga bati, sauti ndogo ikasema, "Chumba." Mwalimu alijikaza asilie mbele ya watoto, akashindwa. Tangu hapo Kidoti alikuwa wa kwanza kukaa mkekani vitabu vikitolewa.

Kisha akaugua homa ya uti wa mgongo, akalazwa Jumatatu, na Alhamisi akawa hayupo tena.

Mama Malizia alizika watu wengi maishani mwake, lakini hakujua la kufanya na ukurasa. Kumpa mtoto mwingine neno lile aliona ni wizi. Kusoma na kungoja, aliona hataweza. Basi akafanya jambo ambalo hata leo akilikumbuka anauma midomo: alichukua gundi, akagandisha kurasa mbili za kobe, uso kwa uso, ili kitabu kimpeleke moja kwa moja kutoka kwa panya hadi kwa bata. Alijiambia anawahurumia watoto. Watoto walioijua mistari yote kwa moyo walimtazama akiuruka ukurasa, wakatazamana, na hakuna aliyeuliza. Huruma yenyewe alikuwa anajihurumia yeye.

Wiki sita baadaye, watoto wakiwa wameshaondoka, hodi ikabishwa mlangoni.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mama Kidoti. Karibu, karibu ndani, mwanangu."

Alikuwa amekuja kuchukua sweta na kikombe. Mwalimu alivitoa kabatini, vimekunjwa na kufungwa kwenye mfuko tangu siku ile. Mama alivipokea, lakini hakuondoka. Alisimama akiushika mfuko kwa mikono miwili.

"Mwalimu, kuna kitu nataka kukuuliza, maana kimeninyima raha. Kule wodini, usiku ule wa kabla… alikuwa ananiomba kitu. Anasema, 'Mama, anza wewe. Usimalize.' Nikamwambia nianze nini, mama? 'Anza. Halafu unyamaze.' Nikasali, nikanyamaza. Akatikisa kichwa. Nikahesabu moja, mbili, tatu, nikanyamaza. Akatikisa kichwa. Nikamwimbia. Nikamtajia mashangazi zake wote. Mwisho akawa analia tu, hana hata nguvu za kulia. Nikamwambia lala, mwanangu, lala. Ndilo neno la mwisho nililomwambia. Wewe ulikuwa unakaa naye kutwa. Alikuwa anataka nini?"

Mwalimu alijua kabla mama hajafika katikati. Kusema kweli kulikuwa ni kumwambia mzazi kwamba kitu alichoombwa kilikuwepo, kidogo, chepesi, na yeye hakuwa nacho. Nani ana moyo wa kumbebesha mtu mzigo huo?

"Ilikuwa homa, mama," akasema. "Homa ile huwavuruga watoto. Wanasema mambo yasiyo na maana."

"Hata nesi alisema hivyo."

"Basi ndivyo."

Mama akaitikia kwa kichwa, taratibu. Hakuonekana kutulia. Alionekana kama mtu aliyeambiwa duka limefungwa, arudi siku nyingine. Akageuka, akafika mlangoni.

Mwalimu hakuwa mwongo, hata kwa wema. Miaka ishirini na tisa aliwaapia watu kwamba mtoto anaposema kitu, kina maana, msikilize. Sasa mtoto wake mwenye mdomo mzito kuliko wote alikuwa amesema, akiwa kwenye kitanda chake cha mwisho, na yeye mwalimu wake anamwita mwenye wazimu wa homa.

"Mama Kidoti. Rudi, ukae. Nimekudanganya."

Akamketisha kwenye kiti cha mtoto, akaketi cha pili, magoti yao yakigusana. Akatoa kitabu rafuni. Kurasa zilikuwa zimeng'ang'aniana, na alipoingiza ukucha zikachanika. Nusu ya kobe ikabaki upande huu, nusu upande wa pili. Aliomba radhi kwa hilo pia. Kisha akamweleza kila kitu: kungoja, kujiziba midomo, wiki tatu za kimya, siku ya mvua.

"Alikuwa na neno lake," akasema. "La kwake peke yake. Alitaka umsomee mpaka karibu na mwisho, umwachie alimalize. Alitaka akuonyeshe kwamba analiweza."

Mama aligusa pale kobe alipochanika.

"Hata nyumbani aliwahi kuniambia," akasema. "Mara nyingi. Nikirudi. 'Mama, sema halafu unyamaze.' Namwambia mama amechoka, kesho." Alijipangusa uso kwa upande wa mkono, kwa nguvu. "Nisomee."

"Utaumia, mwanangu."

"Nisomee, mwalimu."

"Kobe hahitaji nyumba, mgongoni ana…" Mwalimu alinyamaza. Hakukusudia, mdomo wenyewe ulizoea kusimama pale.

Mama akakunja uso. Akarudia polepole, nyumba, nyumba, macho kwenye lile jumba la duara mgongoni mwa kobe, lililochanika katikati. "Chumba?" akauliza.

"Chumba."

"Mbona linakuja lenyewe?"

"Ndiyo. Linakuja lenyewe."

Basi mama akakichukua kitabu mapajani. Alisoma kwa kidole, kwa sauti ya mtu asiyezoea kusoma mbele ya watu: kobe hahitaji nyumba, mgongoni ana. Akanyamaza. Wote wawili wakangoja. Nje mlinzi alikuwa akifunga madirisha, moja baada ya jingine, na mwalimu alijiuma ulimi asiliseme, kwa sababu halikuwa lake.

"Hivi?" mama akauliza. "Alikuwa anataka nifanye hivi tu?"

"Hivi tu, mama."

"Maneno matano," akasema mama Kidoti. "Nilikaa naye siku nne, nikampa dawa, nikampa maji, nikampa dua zote ninazozijua. Maneno matano." Na hapo ndipo alipolia, kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, na Mama Malizia akamkumbatia bila kumwambia anyamaze.