Taa Iliyowaka Kwenye Sukari

Naona aibu kuisimulia hii, na hasira bado haijaniisha, kwa hiyo mkiona natoa macho mjue si kwenu, ni kwa mkuu wangu wa shule na lile kufuli lake.

Nafundisha kemia sekondari moja nje kidogo ya Bariadi, kwa kujitolea, na siku hiyo bodi ya shule ilikuja kuniangalia darasani ili iamue kama nipewe mkataba. Nikachagua somo ninalolipenda, jinsi atomi zinavyoshikana. Nilihitaji maji ya mvua, na tenki lipo, ila mkuu alikuwa amelipiga kufuli, eti ni maji ya chai ya wageni (wageni gani, watu wa kijiji hichohicho!), nikaona isiwe tabu, nikachota ya kisima, si ndiyo tunayokunywa kila siku?

Somo lilianza vizuri mno. Nikasema sodiamu anampa klorini elektroni yake moja kwa moja, kama mtu anayempa jirani ng'ombe, mmoja amepungukiwa na mwingine amezidishiwa, basi wanavutana, hiyo ndiyo chumvi. Kwenye sukari hakuna anayempa mwenzake, ni majirani wawili wenye maksai mmoja mmoja, wanafunga jozi na kulimia wote, elektroni zinachangiwa. Wazee wakaitikia kwa vichwa. Nikajigamba kwamba chumvi ikiingia majini chembe zake zenye chaji zinaachana na kupitisha umeme, taa itawaka, ila sukari haina chaji, haiwaki ng'o. Nikachovya nyaya za betri na taa ndogo kwenye kikombe cha maji ya chumvi, taa ikawaka, makofi. Nikachovya kwenye kikombe cha sukari. Ikawaka.

"Mayu, mama yangu, mbona na hii imewaka?" akauliza mwenyekiti wa bodi.

Nikasema vikombe vimebadilishwa, nikaonja mbele ya watu, sukari tupu! Nikakoroga kingine, ikawaka, nikawafokea wanafunzi nani amechezea vitu vyangu, kwa hasira nikazichovya nyaya kwenye ndoo ya maji matupu. Taa hiyooo!

Hapo ningenyamaza. Lakini mimi na mdomo wangu nikadakia, "Sukari haina kosa, ni maji ya kisima chenu, yana chumvi!"

Mwenyekiti akasimama. Kumbe kisima kile yeye ndiye aliyesimamia kuchimbwa kwake. "Maji haya tumelelea watoto, leo unakuja kututukania?" Mama mmoja wa bodi akadakia, "Mbona ng'ombe wanayagombania?" (Ng'ombe anapenda chumvi, mama!) Darasa likaangua kicheko, na waliocheka zaidi ni wanafunzi wangu, hao ninaowafundisha bure.

Kinachonichoma ni kwamba nilikuwa sahihi, kemia yote ilikuwa pale mezani inawaka, lakini nani angenisikiliza wakati nimeshawasingizia watoto wao kuchezea vikombe? Jioni mkuu akaniita.

"Bodi inasema usivunjike moyo, madamu. Uendelee tu kujitolea."

"Jitolee wewe!" nikamjibu, nikabamiza mlango.

Naapa sitachovya tena waya mbele ya watu kabla sijayapima maji matupu peke yangu. Na Jumatatu nilirudi darasani, maana kidato cha nne wana mtihani, na mkuu hata hakushangaa kuniona. Alijua nitarudi. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote.