Mafuta ya Ijumaa kwenye Asmini ya Mama

Kila nikifungua chupa ya mafuta ya nazi narudi Palma, nyumbani kwetu, mbele ya dirisha lenye asmini. Mama aliupanda mti huo ndani, katika lata kubwa la maziwa ya unga, maana mbuzi wa jirani walikuwa na nia ya kuimaliza dunia nzima. Ulianza kitawi tu, alichokatiwa na mama yake kisiwani Macaloe siku alipoolewa. Ukichanua, wallahi, harufu yake ilifika Pundanhar ikarudi.

Bibi alipofariki, Mama akaenda Macaloe kukaa matanga mpaka arobaini. Mlangoni alimwambia Baba neno moja tu: "Baba Somoe, asmini yangu."

Baba akaitikia kama kakabidhiwa nchi. Alimwagilia kidogo kidogo, akaligeuza lata ili kila tawi lionje jua. Ijumaa ikafika. Akajipaka mafuta ya nazi kichwani, akanipaka na mimi, kisha akautazama mti uliojaa vumbi, akauonea huruma. Akaupaka nao, jani kwa jani. Ulivyong'aa, jamani, ungeweza kujitazama humo ukachana nywele!

Haukupita muda, sisimizi wakaja ukoo mzima, vumbi likagandama kama unga, majani yakaanza kudondoka. Bi Zaituni, jirani mwenye mbuzi, akachungulia dirishani.

"Shemeji, huo mti unaulea au unaukaanga?"

Baba hakucheka. Sijapata kumwona na hofu vile. Tukakaa na beseni la maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo, tukafuta majani juu na chini kwa kipande cha kanga. Mwanga uliingia dirishani ukiwa kijani, mchana ukawa mrefu kama ndoto. Nikasinzia begani kwake, nikaamka, bado anafuta.

Mama aliporudi hata buibui hakuvua. Akaliinamia lata. Matawi karibu yote matupu, ila kwenye ncha moja kajani kapya, kadogo kama ukucha wa mtoto. Akanusa.

"Nani kaupaka mafuta?"

"Ilikuwa Ijumaa, mke wangu," Baba akajibu.

Mama akacheka mpaka akashika ukuta, kisha kicheko kikageuka kilio. Mimi nikadhani analilia majani. Ukubwani ndipo mama mdogo akaniambia kwamba kule Macaloe Mama hakudondosha chozi hata moja, nikaelewa: alikuwa amelibeba lile chozi mpaka kwa mtu wake. Na Baba, asiyejua kusema pole, alikikunjua kile kipande cha kanga, akatafuta upande mkavu, akampa.